Mpingo na Tanzanite ziko angani: wanaastronomia walivyotualika kwenye miaka 100 yao

Leo tuache kidogo siasa na bei ya vitu, tuangalie juu.

Juzi kati nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa kwenye mtandao nikakutana na orodha ya majina ya nyota. Nikawa nashuka nayo taratibu, mara nikaona neno Mpingo. Nikadhani nimesoma vibaya. Pembeni yake limeandikwa Tanzanite. Kumbe kweli bwana! Kuna nyota huko angani inaitwa rasmi Mpingo, na sayari inayoizunguka inaitwa rasmi Tanzanite. Si utani wa kijiweni. Majina hayo yametangazwa tarehe 17 Desemba 2019 na chombo chenyewe kinachohusika na majina ya vitu vya angani.

Mwaka ule mimi nilikuwa nyumbani, nimeshamaliza kidato cha nne, muda wa kusoma habari ninao tele, na sikusikia kitu. Nimeuliza watu kama kumi hapa mtaani, wawili kati yao walimu. Hakuna aliyejua. Mmoja akaniuliza, "Tanzanite si ile timu ya wasichana?" Basi nikaona nikae chini niandike, maana hii ni mali yetu halafu hatuna habari nayo. Na pia kuna somo la namna chombo cha wasomi kinavyoweza kusherehekea siku yake ya kuzaliwa bila kujifungia hotelini na hotuba.

Tuanze na chombo chenyewe. Kinaitwa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, kwa kifupi IAU. Kilianzishwa tarehe 28 Julai 1919 kule Brussels, Ubelgiji, vita kuu ya kwanza ikiwa ndiyo imeisha. Nchi zilizoanza nacho ni 7: Ubelgiji, Kanada, Ufaransa, Uingereza, Ugiriki, Japani na Marekani. Ujerumani haikukaribishwa, kwa sababu ya vita hiyo hiyo. Na Afrika? Hakuna hata nchi moja. Wakati ule Tanganyika yetu ilikuwa ndiyo inatoka mikononi mwa Mjerumani kuingia mikononi mwa Mwingereza, nani angekumbuka kutuuliza habari za nyota.

Kazi ya IAU kwa sehemu kubwa ni ya kitaalamu: kukubaliana vipimo, kupanga utafiti, kuitisha mikutano mikuu. Lakini kuna kazi moja ambayo hata mtu wa kawaida anaielewa, nayo ni majina. Milima ya mwezini, mashimo ya Mirihi, sayari, nyota, vyote vinahitaji jina moja ambalo mwanasayansi wa China na wa Chile wote watalitambua. Bila hivyo ingekuwa vurugu tupu.

Sasa hapo kwenye majina ndipo walipowahi kuchafua hali ya hewa. Mnakumbuka habari ya Pluto? Tarehe 24 Agosti 2006, kwenye mkutano wao mkuu mjini Prague, walipiga kura kuhusu maana ya neno sayari, na Pluto ikatoka kwenye orodha, ikawa sayari kibete. Waliokuwa ukumbini kupiga kura hiyo ni 424. Dunia nzima ilikuwa imefundishwa sayari 9, watoto wanaimba darasani, halafu watu 424 wananyanyua kadi, basi, zimebaki 8. Marekani wanafunzi waliandika barua za kulalamika. Huku kwetu wala hatukulalamika, kwa sababu habari ilichelewa kufika: kitabu cha jiografia nilichosomea mimi, miaka mingi baadaye, kilikuwa bado na sayari 9, na mtihani tulijibu 9 tukapewa tiki.

Kisayansi nadhani walikuwa na hoja, kwa sababu walishaanza kugundua vitu vingine huko mbali vyenye ukubwa kama wa Pluto, na wangeviita vyote sayari orodha isingeisha. Ila watu walichokasirikia ni kuamuliwa. Jambo unaloliona la kwako linabadilishwa na watu usiowajua, kwenye chumba usichokijua.

Miaka kadhaa mbele mambo yakaanza kubadilika. Mwaka 2015 IAU ilifungua kwa mara ya kwanza kura ya watu wote kutaja majina ya sayari zilizo nje ya mfumo wetu wa jua, yaani zinazozunguka nyota nyingine. Zilipigwa kura zaidi ya laki tano na nusu kutoka nchi na maeneo 182. Zilipata majina nyota 14 na sayari 31. Lakini mchezo wenyewe ulikuwa mmoja kwa dunia nzima, na kwenye mchezo wa namna hiyo anayeshinda ni mwenye watu wengi walio kwenye intaneti na vyama vya astronomia vilivyojipanga. Wahispania walifanikiwa kuweka Cervantes na wahusika wa kitabu chake, Don Quijote na wenzake. Hongera zao, walihamasishana vizuri. Ila kijana wa Lindi mwaka 2015, mwenye simu ya kitochi, angeshindana vipi na hao?

Ndipo ikafika 2019, IAU inatimiza miaka 100. Kauli yao ya mwaka mzima ilikuwa kwamba sote tuko chini ya anga moja. Mwezi Januari, tarehe 10 hadi 13, walifanya saa 100 za astronomia: watu sehemu mbalimbali duniani walitoa darubini zao nje na kuwaachia wapita njia wachungulie. Aprili walikuwa na sherehe yao rasmi Brussels, ile ya suti na hotuba, siilaumu, kila shirika lina yake. Mwezi Mei waliadhimisha miaka 100 ya kupatwa kwa jua kwa tarehe 29 Mei 1919, ambako Waingereza walikuja kukupima kisiwani Principe, pwani ya Afrika Magharibi, na kule Sobral, Brazil, wakapata ushahidi kwamba Einstein alisema kweli kuhusu mwanga kupinda. Julai ikawa miaka 50 ya binadamu kutua mwezini.

Lakini kwangu mimi zawadi kubwa ilikuwa ile ya majina. Safari hii hawakuweka mchezo mmoja. Waligawa! Kila nchi iliyotaka kushiriki ilipewa nyota yake moja na sayari yake moja, ikaambiwa: haya, zipeni majina wenyewe. Nyota ilichaguliwa iwe inaonekana kutoka kwenye nchi husika, na iwe na mwanga wa kutosha kuonekana kwa darubini ndogo. Kwa hiyo nchi ndogo na nchi kubwa zote zilikuwa na kura yenye uzito sawa. Marekani nyota moja, Tanzania nyota moja. Ukitafuta mambo mengi ya kimataifa yaliyo hivyo hutayapata.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Kila nchi iliunda kamati yake ya kitaifa. Wananchi wanatuma mapendekezo, kamati inachuja, halafu wananchi wanapiga kura, kisha mshindi anapelekwa IAU kuhakikiwa kama amefuata masharti. Na masharti yalikuwepo, tena ya maana. Jina liwe na herufi kati ya 4 na 16. Litamkike. Lisiwe tusi kwa lugha yoyote. Lisiwe la mtu aliye hai. Lisiwe la biashara. Lisiwe la mtu au tukio linalojulikana zaidi kwa siasa, jeshi au dini. Soma tena hilo la mwisho, halafu fikiria hapa kwetu bila sharti hilo ile nyota ingeitwa nani. Nanyamaza.

Sharti jingine ni kwamba jina la nyota na la sayari yawe na uhusiano, ili siku ikigunduliwa sayari nyingine hapo hapo, ipewe jina la ukoo huo huo. Na kwa kuwa 2019 Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza kuwa mwaka wa lugha za asili, IAU ikawahimiza wenye lugha hizo walete maneno yao.

Mwisho wa zoezi, nchi 112 zilikuwa zimefikisha majina, na watu zaidi ya 780,000 walishiriki kwa kupendekeza au kupiga kura.

Majirani zetu walifanya nini? Wakenya walikwenda kwenye Kijaluo: nyota yao inaitwa Kalausi, yaani kile kimbunga cha upepo unaozunguka kama nguzo, na sayari ni Buru, yaani vumbi. Upepo na vumbi lake! Mimi niliposoma hilo nilikubali kwamba wametuzidi kwa utamu. Waethiopia, kama ungewauliza hata usingizini, waliweka kahawa: nyota ni Buna, ambalo ndilo neno lao la kahawa, na sayari ni Abol, ile raundi ya kwanza kati ya tatu za kahawa yao ya kimila. Msumbiji walichukua Kimakhuwa: Emiw, upendo, na Hairu, umoja. Afrika Kusini wakaweka Naledi, neno lenye maana ya nyota, na sayari ikaitwa Krotoa, mwanamke wa Kikhoi wa karne ya 17 aliyekuwa mkalimani kati ya watu wake na Waholanzi.

Sisi ni Mpingo na Tanzanite. Mpingo hauhitaji utambulisho, ndiyo mti wetu wa taifa, ule wa vinyago vya Wamakonde. Wazungu wanautengenezea klarineti na zumari zao za bei mbaya, na unachukua miongo mingi kukomaa mpaka ufae kukatwa. Tanzanite inatoka Mererani, Simanjiro, iligunduliwa 1967, na hakuna sehemu nyingine duniani inakochimbwa kibiashara. Hapo naomba nitie neno langu. Mpingo ni jina la kwetu kweli kweli. Lakini Tanzanite ni jina lililopigiwa debe na sonara mkubwa wa New York, Tiffany, mwaka 1968, ili jiwe liuzike. Kwa hiyo tulipopewa nafasi ya kupeleka neno letu juu, nusu tulipeleka neno tulilopewa. Silalamiki sana, jina lina nchi yetu ndani yake na kila mtu analijua. Ila Kiswahili kina maneno ya anga tangu zamani: Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, na Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo wakulima walikuwa wakilitazama kujua msimu wa kulima. Hatukukosa akiba.

Sasa hiyo sayari ikoje? Usiwaze kwenda kuishi. Kabla ya kupewa jina ilikuwa inaitwa WASP-71b. WASP ulikuwa mradi wa Waingereza wa kamera zilizowekwa La Palma, visiwa vya Kanari, na Sutherland, Afrika Kusini, zilizokuwa zikipiga picha za anga usiku kucha zikitafuta nyota ambayo mwanga wake unapungua kidogo kila baada ya muda fulani. Ni kama mdudu anapopita mbele ya karabai: mdudu mwenyewe humuoni vizuri kwa mbali, ila unaona mwanga umetikisika. Ukiona mtikisiko unarudi kwa ratiba ile ile, ujue kuna kitu kinazunguka. Hiyo herufi b ni kwa sababu nyota yenyewe ndiyo inahesabiwa kuwa ya kwanza.

Tanzanite ni dude la gesi kama Mshtarii, ile Jupita ya shuleni, lakini lina uzito wa zaidi ya mara mbili yake. Limekaribia jua lake kiasi kwamba mwaka wa huko ni siku 3 kasoro za kwetu. Yaani ukizaliwa Jumatatu, Alhamisi umeshatimiza mwaka. Joto lake linapita nyuzi 1,500. Mererani kuna ukuta uliojengwa 2018 kuzuia mawe kutoroshwa, ila Tanzanite ya kule juu haihitaji mlinzi. Umbali wake ni zaidi ya miaka nuru 1,000, na mwaka nuru mmoja ni karibu kilomita trilioni 9.5. Mwanga unaoiona leo kwenye darubini uliondoka kule kabla Husuni Kubwa ya Kilwa haijajengwa.

Na hapa niweke tahadhari kwa wadau. Kuna kampuni mtandaoni zinauza majina ya nyota: unalipa dola kadhaa, unatumiwa cheti kizuri chenye jina la mchumba wako. Cheti hicho kipambe ukutani tu. IAU haiuzi majina na haiyatambui hayo yaliyouzwa. Majina ya 2019 hayakulipiwa hata senti, na ndiyo yanayotambulika. Namba za kitaalamu hazikufutwa, jina na namba vinatumika pamoja, lakini mtaalamu yeyote akiandika Mpingo leo wenzake wanajua anasema nini.

Kinachoniuma ni hiki. Walioandaa walifungua mlango kweli, lakini mlango ulikuwa kwenye intaneti, na habari haikushuka mpaka tulipo sisi. Wapo Watanzania walioshiriki, la sivyo majina yasingepatikana, na nawapa heshima zao. Ila jina likishatangazwa kazi haijaisha. Mtoto wa darasa la tano akiambiwa kuna nyota inaitwa Mpingo, mti ambao pengine babu yake anauchonga, nakuhakikishia atauliza maswali ambayo ile picha ya sayari kitabuni haijawahi kumfanya aulize.

Na tusiseme Watanzania hawapendi mambo haya. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki kama pete, watu walifurika Rujewa, Mbarali, mkoani Mbeya, kushuhudia. Wenyeji, wageni, wanafunzi, wote shingo juu. Kwetu halikufika pete, lilimegwa tu, lakini shule nzima ilitoka nje karibu na saa sita mchana na hakuna mwalimu aliyeweza kuturudisha. Miwani maalumu hatukuwa nayo. Wengine walichungulia kwenye filamu za eksirei, jambo ambalo baadaye nilijifunza kuwa ni la hatari, macho yanaungua bila kusikia maumivu. Sisi wengine tulijaza beseni maji tukaangalia kivuli cha jua humo, nayo si salama sana jamani, msiige. Ninachosema ni kwamba hamu ilikuwepo bila tangazo wala fulana za bure.

IAU wenyewe wameendelea. Mwaka 2022, kitengo chao kinachoshughulika na umma kilipotimiza miaka 10, waligawa tena majina, safari hii mifumo 20 ya sayari. Na Agosti 2024 mkutano wao mkuu ulifanyika Cape Town, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika tangu 1919. Miaka 105 jamani!

Kwa atakayetaka kuitafuta Mpingo: iko kwenye kundinyota la Nyangumi, karibu na mpaka wake na kundi la Samaki, si mbali na nyota iitwayo Alrescha, jina la Kiarabu lenye maana ya kamba. Kwa kuwa iko karibu kabisa na mstari wa ikweta wa anga, sisi wa huku inatupitia karibu utosini. Mwanzoni mwa Desemba iko juu kabisa kati ya saa tatu na saa nne usiku. Alrescha utaiona kwa macho kama uko mbali na taa za mji na hakuna mbalamwezi. Mpingo yenyewe ni hafifu, lazima darubini, hata ndogo inatosha. Sayari hutaiona hata ufanyeje, hiyo waachie wenye mitambo.

Mimi darubini sina. Kama kuna mdau anayo, au shule yenye moja imefungiwa stoo, aseme hapo chini tupange siku ya Desemba isiyo na mawingu. Na kama kati yenu yupo aliyepiga kura ile ya 2019, tafadhali tuambie: yalishindana majina gani mengine?